Chumvi Haina Pindo

Mliniacha juma lililopita nimeshika mkononi mpini wa sufuria, sufuria yenyewe ikiwa imebaki jikoni, imegandana na wali ulioungua. Wengi mmeniuliza niliifanya nini. Niliizika nyuma ya nyumba, penye takataka, kwa heshima zote anazostahili marehemu.

Kwa anayenikuta leo kwa mara ya kwanza: mimi ni fundi cherehani. Kushona najua, kupika sijui. Mke wangu ni muuguzi, na ameitwa kwenda kusomea kazi ya chumba cha upasuaji, miezi sita, mji wa mbali. Nafasi hiyo amekwisha kuikataa mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa na tumbo la mtoto wetu mkubwa. Mara ya pili mimi nilijishona kidole, kikavimba, ikabidi anivalishe mashati kama mtoto.

Safari hii nikamwambia, "Nenda."

"Utawalisha nini watoto?"

"Chakula," nikajibu, kama mtu anayejua asemalo.

Tangu siku hiyo najifunza kupika kabla hajaondoka, na nimeunguza kila kinachoungua, pamoja na maji. Na kila nikikwama nilikuwa nampigia simu kazini. Mafuta yanaruka, nisimame wapi? Kitunguu kikiiva kinakuwa rangi gani? Siku moja alipokea ameshika mkono wa mgonjwa, na mgonjwa ndiye aliyenijibu. Alisema, "Rangi ya dhahabu, baba. Sasa mwache dada anichome sindano."

Halafu kuna mama mkwe wangu. Huyu alikwisha kutangaza mbele ya mashahidi kwamba mimi nitawaua wajukuu wake kwa njaa. Ndipo mke wangu akanipa sharti: "Nikienda, mama asihamie hapa. Nampenda mama yangu, lakini ninyi wawili chini ya paa moja, nitarudi nikute nyumba imegawanywa katikati kwa chaki."

Nikaapa. Hapo tukaendelea vizuri hadi Jumanne.

Jumanne asubuhi mke wangu alisimama mlangoni na sare yake, mkoba begani.

"Fundi," ndivyo anavyoniita, "jibu linatakiwa leo. Mkubwa wangu anangoja simu yangu usiku huu. Nikirudi nikakuta watoto wameshiba na wewe hujafungwa bandeji, nakubali. Nisipokuta hivyo nakataa, na hawataniuliza tena."

"Utakuta."

"Usiniahidi kwa sauti hiyo. Ni sauti ya kumwambia mteja nguo iko tayari."

Hapa hatufichani, kwa hiyo nasema: nilitaka aende, na nilikuwa naogopa aende. Miezi sita bila yeye niliiona kama chumba kisicho na taa. Lakini kilichoniuma zaidi ni ile aibu. Tumbo lilikuwa sababu ya kwanza, kidole kikawa ya pili. Sikutaka ya tatu iwe mimi mzima mzima.

Mungu si Athumani. Mchana huo akaja kwenye duka letu la ushonaji mpishi wa hoteli, mtu wa miraba minne, amekuja kupanuliwa suruali. Nikampima huku namweleza shida yangu.

"Tambi," akasema bila kufikiri.

"Za nini?"

"Za kula, bwana. Sufuria moja tu. Unaweka tambi, nyanya, kitunguu maji, kitunguu saumu, karoti ukipenda, mafuta kidogo, maji ya kufunika, chumvi kijiko cha chai. Vyote kwa pamoja, vibichi. Unawasha moto, unakoroga, maji yakikauka unakula. Hakuna kukaanga, hakuna kuchuja. Hata wewe utaweza."

Lile "hata wewe" lilinichoma, lakini mpewa hachagui. Nilimpanulia suruali yake kwa upendo wa ndugu.

Nikatoka kazini nimechelewa, kwa sababu mwenye duka aliona ni lazima vifungo vya koti fulani vihamishwe upande wa pili siku hiyo hiyo. Nikapita duka la vyakula nikanunua tambi. Niliambiwa pakiti moja, nikachukua mbili. Fundi hanunui kitambaa cha kutosha tu. Nikawachukua watoto kwa jirani, tukaingia ndani.

Watoto ninao wawili. Mkubwa ana umri wa kusoma na kuuliza maswali, na tunamwita Hakimu, kwa kuwa kila jambo analitolea hukumu. Mdogo tunamwita Kifungo. Yeye kazi yake ni kupotea na kupatikana chini ya meza.

Nikatupa simu kwenye kochi ichaji, nikavua shati, nikajifunga aproni yangu ya kazini yenye pini kifuani.

"Leo tunakula mkate?" akauliza Hakimu.

"Leo tunakula tambi."

"Zilizoungua?"

"Nenda kanawe mikono."

Nawaambieni, mambo yalianza vizuri mpaka nikaogopa. Tambi zilikuwa ndefu kuliko sufuria, nikazikata kwa mkasi, vipande sawasawa, hata mpishi angelia. Nikakata nyanya, vitunguu, karoti. Vyote ndani, maji juu, moto chini. Nikakoroga kwa mwiko huku napiga mluzi. Nikajiambia, kumbe wanawake wametuficha siri hii miaka yote.

Mlango ukagongwa.

"Hodi humu!"

Ile sauti naijua hata usingizini.

"Karibu, mama. Shikamoo."

"Marahaba, mkwe. Nimesikia leo ndiyo leo. Nimekuja kutazama."

Alikuwa na begi kubwa, limetuna pande zote. Nikajua tu: humo mna sufuria ya akiba, chakula kimepikwa kimefungwa kitambaa, ananingoja nianguke aitoe mbele ya mwanawe. Nikalipokea kwa mikono miwili, nikalisukuma nyuma ya mlango wa ukumbini, chini ya magauni ya wateja yaliyotundikwa. Adui mwekee silaha yake mbali.

Niliporudi, mama mkwe alikuwa amekwisha kukaa kwenye kochi. Amekaa vizuri, ametulia, amekunja mikono. Na chini ya gauni lake, upande wa kulia, umetokeza waya mweupe wa chaji.

Alikuwa ameikalia simu yangu.

Nikasema haidhuru. Simu ya nini? Leo mimi ni mpishi kamili.

Nikarudi jikoni kutia chumvi. Na hapa, wasomaji wangu, ndipo shetani wangu alipokuwa amejificha.

Mzee aliyenifundisha kazi alinipa somo moja la maisha: kata kubwa. Nguo kubwa hupunguzwa. Nguo ndogo, utamwambia nini mwenye nguo? Nguo ya mtoto iachie pindo, atakua. Suruali ya mwenye tumbo iachie nafasi kwenye mshono, atakula. Miaka yote hii sijapata kukata kitu sawa na kipimo. Mkono wangu haujui.

Mpishi alisema kijiko kimoja. Nikatia kimoja. Nikakumbuka mama mkwe ameongezeka, mtu kaongezeka kipimo kiongezeke, nikatia kingine. Nikaachia pindo. Nikaachia na nafasi ya mshono. Na vijiko vyenyewe, sasa hivi ninapoandika ndipo naona, vilikuwa vya kulia wali, si vya chai.

Maji yakaanza kukauka, harufu ikaja tamu kabisa. Nikamwita Hakimu aonje.

Akachukua kidogo kwenye ncha ya kijiko. Akatafuna. Macho yakamtoka. Akaenda kwenye bomba, akanywa maji kikombe kizima, akarudi.

"Imekataliwa," akasema.

Nikaonja. Jamani! Bahari ina chumvi, lakini bahari ina adabu.

Nguo ikiwa kubwa, unaipunguza. Chumvi ukiizidisha unaipunguza vipi? Unaishika wapi? Mkasi wa kukatia chumvi haujaundwa. Nikasimama na mwiko wangu, jasho linanitoka, na nikafanya kile ambacho mkono wangu umezoea kufanya katika shida. Nikapapasa mfukoni kutafuta simu nimpigie mke wangu.

Mfuko mtupu.

Nikachungulia ukumbini. Mama mkwe yuko palepale, waya uko palepale.

Sasa niambieni ninyi wenye wakwe. Unamwambiaje mama wa mkeo, "Mama, inuka, umekalia kitu changu"? Mdomo huo unautoa wapi?

Nikaingia kwa upole. "Mama, hapo kuna joto. Karibu ukae huku kwenye kiti, penye dirisha."

"Hapa pananitosha, mkwe."

"Hilo kochi lina springi moja mbaya upande huo."

"Sijaisikia."

Nikarudi jikoni. Tambi zimeanza kushika chini. Nikakoroga, nikatoka tena.

"Mama, hutaki kuja kuona jikoni?"

"Nikija jikoni nitashika mwiko, na nikishika mwiko utasema nimekuingilia. Pika, baba. Mimi nimekaa."

Nikamnong'oneza Kifungo chini ya meza. "Kamwambie bibi mkacheze nje."

Kifungo akaenda, akarudi. "Bibi anasema miguu yake imelala."

Kuazima simu kwa jirani? Namba ya mke wangu siijui kichwani. Nani siku hizi anaijua namba ya mkewe? Kumwomba mama mkwe simu yake, nimpigie mwanawe, nimwambie nimeshindwa? Bora nimalize ile sufuria mwenyewe na chumvi yake.

Ghafla kukasikika mngurumo ukumbini. Nnn, nnn, nnn. Ulikuwa unatoka chini ya mama mkwe.

Mama mkwe hakutikisika. Akageuza shingo taratibu. "Nyumba yenu ina nyuki?"

"Jirani anasaga kitu, mama."

"Anasaga karibu sana."

Mngurumo ukakoma, ukaanza tena, ukakoma. Nikajua ni mke wangu. Anauliza chakula. Hapokelewi.

"Baba," Hakimu akanivuta aproni. "Mteja akija nguo imembana kwapani, wewe huwa unafanyaje?"

"Natia kipande. Kwani nini?"

Akanyoosha kidole kwenye ile pakiti ya pili ya tambi.

Huyu mtoto nitamsomesha mpaka vitabu viishe.

Nguo ikibana, huikati zaidi, unaiongezea kitambaa! Nikamwaga nusu nzima ya ule mchuzi wa chumvi. Nikatia tambi za pakiti ya pili, bila chumvi hata punje. Nikatia nyanya zote zilizobaki na maji mapya. Sufuria moja ikajaa, nikahamishia nusu kwenye ya pili. Ya pili nayo ikafurika, nikachukua ya tatu, ile ndogo ya maziwa, na kwa haraka nikasahau kwamba maziwa yenyewe yalikuwa bado yamo. Yakaingia nayo. Nikapiga moyo konde nikakoroga zote, mkono huu hapa, mkono huu pale, na Hakimu amesimama juu ya kigoda anaonja kama afisa wa forodha.

"Bado."

"Sasa?"

"Bado kidogo."

"Sasa?"

Akaonja tena. Akaonja tena, na safari hii hakuna aliyemwambia aonje.

"Rufaa imekubaliwa," akasema.

Nikaonja. Wallahi, yale maziwa yalikuwa yameilainisha nyanya, kitunguu saumu kimejitokeza, chumvi imerudi mahali pake. Kilikuwa chakula cha watu, chenye ladha. Chakula cha sufuria moja kilichopikwa kwa sufuria tatu, lakini mla tambi haulizi sufuria.

Nikampelekea mama mkwe sahani pale pale kwenye kochi, kwa mikono miwili, goti nimelipinda. Watoto wakala mezani. Kifungo alikuwa na tambi mdomoni, nyusini, na moja sikioni.

Mama mkwe akaonja. Akatafuna polepole, anatazama ukuta. Akala, akala, sahani ikawa nyeupe. Akaninyooshea.

"Kitamu, mama?"

"Sijasema kitamu. Nimesema niongeze."

"Hujasema chochote, mama."

"Basi nasema sasa."

Nilikuwa bado jikoni napakua ndipo mlango ulipofunguliwa, mke wangu akaingia na sare yake na uchovu wake. Akasimama. Akawatazama watoto mezani. Akamtazama mama yake. Nilipotoka na sahani akaitazama mikono yangu, kidole kwa kidole, kutafuta bandeji.

"Mmekula?"

"Mama!" Hakimu akaruka. "Baba alitia chumvi nyingi nikaikataa, akamwaga, akatia tambi nyingine, tena akatia na maziwa kwa bahati mbaya, na sasa sufuria zote chafu."

Nikafumba macho. Mtoto umleavyo ndivyo akuumbuavyo.

Mke wangu akaketi. Nikamwekea sahani. Akala kijiko kimoja, akala cha pili, halafu akaweka kijiko chini akanitazama kwa namna ambayo hajanitazama tangu enzi za uchumba.

"Chumvi ilikuzidia?"

"Ilinizidia."

"Na hukunipigia."

Nikaanza kupangusa meza.

"Nimekupigia mwenyewe, hukupokea. Nikasema moyoni, leo ameshika mwiko, hana habari na mimi. Nimecheka njia nzima, fundi. Nimecheka, halafu nikalia kidogo." Akafuta jicho kwa mgongo wa mkono. "Kuungua si kitu. Hata mimi naunguza. Nilichokuwa naogopa ni ile simu. Nitakuwa mbali, nimeshika roho ya mtu, na wewe unaniuliza rangi ya kitunguu. Leo umeharibu mwenyewe, ukatengeneza mwenyewe. Basi. Naenda."

Akainuka, akanibusu shavuni mbele ya mama yake, jambo ambalo halijapata kutokea, akatoka ukumbini kwenda upande wa mlango, ambako mtandao unashika vizuri. Tukamsikia, "Halo, mkubwa? Ndiyo. Weka jina langu."

Furaha ilinijaa mpaka kooni. Na pamoja nayo likapanda jambo lile ninalowaungamia ninyi leo, kwa kuwa yeye sikumwambia: ningempigia. Ningempigia mara kumi. Kilichonizuia si ushujaa, ni adabu tu mbele ya mkwe.

"Mkwe," mama mkwe akaniita kwa sauti ya chini. "Sogea."

Nikasogea. Akapenyeza mkono chini yake, akaitoa simu yangu, waya unaning'inia kama mkia wa panya.

"Unadhani nilikuwa sijui nimekalia nini?"

"Mama... ulikuwa unajua?"

"Nimezeeka, lakini makalio yangu hayajafa ganzi."

Nikatazama dari. Kuna maneno mkwe hayasikii.

"Ungempigia, angekuja mbio," akasema. "Namjua, nimemzaa. Angeingia, angeshika mwiko, angekupikia, na angempigia mkubwa wake kukataa. Amekataa kwa ajili ya tumbo, amekataa kwa ajili ya kidole chako. Nikasema hatakataa kwa ajili ya chumvi. Ndipo nikakaa. Na springi yako mbaya ipo kweli, imenichoma muda wote."

Nilimwona mwanamke huyu upya. Muda wote nilidhani ni adui, kumbe alikuwa ameshika lango langu. Machozi yakanilengalenga.

"Asante, mama. Na lile begi... chakula ulichokileta, tutakila kesho."

"Chakula gani? Mle mna nguo zangu."

"Nguo za nini?"

"Ungeshindwa, ningekaa nipike. Umeshinda, ninakaa nile."

"Mama, lakini mwanao alisema..."

"Najua alichosema, aliniambia mwenyewe, na neno la chaki akalitia. Ndiyo sababu hatasikia kwangu. Wewe utamwambia kwamba umeniomba nikae, umenisihi, ukapiga magoti." Akaipangusa simu yangu kwa pindo la gauni lake, polepole. "Hutaki, basi. Nitamwambia simu hii ilikuwa wapi, na wewe ulinibembeleza mara ngapi niinuke."

Kule mlangoni maongezi yakawa yamekwisha. Nikasikia mlango wa ukumbini unasukumwa wazi hadi mwisho, unagota kwenye kitu, unasukumwa tena. Magauni ya wateja yakachakarika.

"Fundi!" Sauti ya mke wangu ilikuwa bado ina kicheko ndani yake. "Hili begi la nani?"

Nikafungua mdomo. Hakimu akaacha kula. Mama mkwe akairudisha simu pale pale kwenye kochi, akaikalia, akanitazama.